Ukoo wa Musa bin Maimun: majaji wa Córdoba waliowaongoza Wayahudi wa Misri karibu miaka 200

Karani_wa_Tanga

Habari za jioni wakuu. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa historia ya Misri, na kuna watu wamenikumbusha karibu kila siku. Leo nimekaa nao.

Musa bin Maimun wengi tunamjua kama mwanafalsafa, au kama tabibu wa nyumba ya Salahuddin Ayubi. Wayahudi wenyewe humwita Rambam, herufi za mwanzo za Rabi Moshe ben Maimon. Mimi nataka kueleza ukoo wake. Kabla yake walitangulia majaji, na baada yake wakaja mwana, mjukuu, vitukuu na vilembwe walioshika uongozi wa Wayahudi wa Misri. Na mpaka leo namna Wayahudi wengi wanavyotoa sadaka, wanavyoamua kesi zao na wanavyompokea mtu aliyeingia dini yao ina mkono wa nyumba hii.

Niseme mapema ninachokiamini: vitabu vya Musa ni vikubwa, lakini vitabu peke yake visingewapa watu hawa heshima waliyoipata. Waliheshimiwa kwa sababu walifanya kazi ndogondogo za jamaa yao, zile ambazo wasomi wengi huzikwepa. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana hapa mtaani kwetu mwaka wa 11 sasa. Najua uzito wa daftari la michango. Nilipoona karatasi zao nilihisi nawafahamu.

Tuanze na nasaba. Musa alizaliwa Córdoba, Andalusia, mwaka 1138 (wapo wanaosema 1135). Alipomaliza sherehe yake (yaani ufafanuzi wake) ya Mishna, kile kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, aliandika mwishoni majina ya wazee wake: Musa mwana wa Maimun jaji, mwana wa Yusufu mwenye hekima, mwana wa Isaka jaji, mwana wa Yusufu jaji, mwana wa Obadia jaji, mwana wa Sulemani rabi, mwana wa Obadia jaji. Vizazi saba, na watano kati yao ni majaji wa mahakama ya dini. Mtoto wa nyumba kama ile alikua akisikia kesi za watu sebuleni kwa baba yake.

Mwaka 1148 Wamuwahidun, watawala Waislamu waliotokea Moroko, waliiteka Córdoba, na Wayahudi na Wakristo wakabanwa wasilimu au wahame. Familia ikahangaika miaka kadhaa, kisha ikaonekana Fez, Moroko. Huko mzee Maimun, huku naye akiishi kwa hofu, aliwaandikia kwa Kiarabu Wayahudi waliolazimishwa kuficha imani yao barua ya kuwaliwaza. Aliwaambia wasiache kusali, hata kama ni sala fupi, hata kama ni kwa siri. Hapo ndipo naanzia mimi kuuita ukoo huu ukoo wa viongozi: baba hana mji, hana cheo, lakini bado anawahesabu watu kuwa ni wake.

Mwaka 1165 wakapanda jahazi kwenda Akka, wakazuru Yerusalemu na Hebroni, kisha wakateremkia Misri na kukaa Fustat, Kairo ya kale. Ile sherehe ya Mishna, iliyokamilika 1168, Musa anasema sehemu zake aliziandika njiani, nyingine akiwa ndani ya chombo baharini.

Nikitoka kazini kesho naendelea.

Nahodha_Shela

Karani, ahsante sana. Swali dogo kabla hujaendelea. Hii familia ilikula nini? Mtu akiandika vitabu usiku na mchana, nyumba inaendeshwa na nani?

Karani_wa_Tanga

Ndugu yangu wa Lamu, umegonga penyewe, na jibu lake linakuhusu wewe mtu wa bahari.

Nyumba iliendeshwa na mdogo wake, Daudi. Mwandishi wa zama zile, Ibn al-Qifti, anasema walikuwa na biashara ya vito. Daudi ndiye aliyesafiri, Musa akasoma na kuandika. Daudi alikuwa ameoa, ana binti mdogo.

Ipo barua ya Daudi mwenyewe, imehifadhiwa Cambridge, Uingereza. Ameiandika kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu iliyokuwa upande huu wa Afrika, ng'ambo ya Jedda. Anamweleza kaka yake kwamba alipanda mto Nile mpaka Qus, akafanya kosa: yeye na mwenzake mmoja wakakata jangwa peke yao bila kungoja msafara. Wakafika salama. Msafara waliouacha ukaja kuingia nyuma yao ukiwa umeporwa, na wako waliokufa kwa kiu. Bandarini Aydhab akatafuta bidhaa za kununua asione cha maana ila nili ya kutia rangi. Akaamua kuvuka kwenda Bara Hindi. Anamwambia Musa asihofu, aliyemwokoa jangwani atamwokoa na baharini. Halafu anaomba wamtulize mkewe, wasimtie hofu.

Hakurudi. Alizama katika Bahari ya Hindi na mali yote, ya kwake, ya kaka yake na ya watu wengine.

Miaka kama 8 baadaye Musa alimwandikia rafiki yake wa Akka, Yafeti mwana wa Eliya, akamweleza kwamba hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote yaliyompata maishani. Siku alipoletewa habari aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima, ana homa, ana majipu, akili imemwelemea. Anasema kila akiona mwandiko wa mdogo wake au mojawapo ya barua zake moyo unampinduka. Alimlea kama mwanawe, na ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake.

Nahodha_Shela

Subhanallah. Hii ya mwandiko imenigusa. Baba yangu ana barua za kaka yake aliyepotelea njia ya Mukalla mwaka 1968, hazifungui.

Na niongeze jambo. Msafiri Ibn Jubayr alipita Aydhab 1183, na vyombo alivyovikuta pale anasema vilishonwa kwa kamba za nazi, havina msumari hata mmoja. Ni mtepe ule ule tuliokuwa nao pwani yetu. Babu zetu wangevitambua vyombo vile kwa mbali.

Mama Naima

Nimesoma mpaka kwenye kumtuliza mke nikaweka simu chini. Huyo mama na mtoto walibaki na nani?

Karani_wa_Tanga

Walibaki mikononi mwa Musa, Mama Naima. Ile barua kwa Yafeti inasema wazi: ameniachia binti mdogo na mjane. Nitarudi kwao.

Sasa ofisini. Wakati familia inajipanga Misri, mwaka 1168, mfalme Amalric wa Wasalibi, wale askari wa msalaba waliotoka Ulaya, aliuteka mji wa Bilbays, akachukua mateka Wayahudi wengi. Musa alikuwa mgeni, hana hata miaka mitatu nchini. Lakini barua za kuchangisha fidia zikatoka kwa jina lake zikipelekwa mji hadi mji, na waliozibeba walikuwa watu wanaoaminika. Nadhani hapo ndipo Wayahudi wa Misri walipomjua ni nani.

Haikupita muda akawa Rais al-Yahud, mkuu wa Wayahudi wote wa nchi, anayetambuliwa na serikali. Cheo kile kilimtoka, kikashikwa na wapinzani wake kwa muda mrefu, kikamrudia uzeeni. Kwa Kiebrania wakuu wa nyumba hii waliitwa Nagid.

Je, siku yake ilikuwaje? Mwaka 1199 mtarjumi wake, Samuel ibn Tibbon wa kusini mwa Ufaransa, alitaka kuja kumtembelea wajadili kitabu. Musa akamjibu: njoo, lakini usitarajie hata saa moja ya faragha. Mimi nakaa Fustat, mtawala yuko Kairo. Kila asubuhi na mapema lazima niende kumwangalia. Akiugua yeye, au mtoto wake, au mmoja wa wake zake, nashinda huko. Hata wakiwa wazima sirudi kabla ya adhuhuri. Nafika nyumbani njaa inaniua, nakuta barazani pamejaa watu, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, majaji na maofisa, marafiki na maadui. Nashuka kwenye mnyama, nanawa mikono, nawaomba radhi wanisubiri nitie kitu tumboni, na ndicho chakula pekee kwa siku nzima. Kisha natibu mpaka usiku, wakati mwingine nikiandika dawa nimelala chali kwa uchovu, mpaka sauti haitoki. Siku ya Sabato ndipo jamaa wanakuja baada ya sala, tunapanga mambo yao ya wiki nzima.

Maneno ni muhtasari wangu, habari ni zake. Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa amekwisha kuandika Mishneh Torah, vitabu 14 vya sheria yote ya Kiyahudi vilivyokamilika kama 1178, na Mwongozo wa Waliofadhaika, kitabu chake cha falsafa, kama 1190.

Hoja_Nzito

Mwalimu, naheshimu kazi yako, ila niruhusu nipinge. Unatueleza mtu mmoja mkubwa, kisha unaita ukoo. Mwanawe alipata nini zaidi ya jina la baba? Uongozi wa kurithishana tumeuona kwetu, unazaa watoto wa wakubwa wasiojua shida za watu. Sioni kwa nini tuusifu kwa Wayahudi.

Karani_wa_Tanga

Hoja yako ni halali, ndugu, na wapo Wayahudi wa Fustat waliosema hivyo hivyo kwa sauti.

Musa alifariki Desemba 1204. Mwanawe wa pekee, Ibrahimu, alizaliwa 1186, baba akiwa tayari mtu mzima wa miaka karibu 50. Akapewa uongozi akiwa na miaka 18. Kwa haki kabisa ungeuliza: huyu kijana anajua nini?

Jibu liko kwenye karatasi. Katika sinagogi la Ben Ezra pale Fustat kulikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zilizochakaa, kwa sababu maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi, kama sisi tusivyotupa kurasa za Qur'ani. Hawakuchagua sana: waliweka vya dini, wakaweka na risiti, mikataba, barua za mapenzi, orodha za masikini. Mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter alipeleka shehena kubwa Cambridge, na leo pale pekee kuna vipande zaidi ya 190,000.

Humo mna vijikaratasi vya Ibrahimu, vifupi, vimeandikwa haraka. Mlipe mwalimu wa yatima. Mpe msalishaji kiasi fulani. Toa kutoka kodi ya nyumba fulani ya wakfu. Ni hati za malipo, kama zile ninazosaini mimi Jumapili baada ya kikao, ila yeye alikuwa pia tabibu wa sultani al-Kamil na daktari wa hospitali ya Kairo. Mwanahistoria wa matabibu, Ibn Abi Usaybi'a, alifanya naye kazi hospitalini akamweleza: mzee mrefu, mwembamba, mwenye maongezi mazuri, hodari katika tiba. Kumbuka alikufa 1237 akiwa na miaka 51. Huo uzee ni wa kazi.

Mkate wa masikini katika jamaa ile uligawiwa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa orodha ya majina. Zipo orodha: mjane fulani, kipofu fulani, mgeni kutoka nchi ya Rumi, mikate kadhaa mbele ya kila jina. Baba yake aliandika kwenye Mishneh Torah kwamba hajapata kuona wala kusikia mji wa Wayahudi usio na mfuko wa sadaka. Alipoandika hivyo hakuwa anakisia, mfuko wenyewe aliujua.

Kwa hiyo Hoja, sisifu kurithishana. Nasema kijana yule alirithi mzigo akaubeba miaka 33.

Mama Naima

Nami nina langu. Wanaume wa biashara za bahari tunawajua, anaoa hapa, anaoa na kule, anakuacha unaangalia upeo wa macho miaka 7. Hawa majaji waliwafikiria wanawake au ni mikate tu?

Karani_wa_Tanga

Walifikiria, dada yangu, na hii amri ya Musa naipenda kuliko nyingi.

Misri ilikuwa njia panda ya wafanyabiashara wa Bara Hindi, Yemen, Sisilia na Maghrebi. Mgeni anashuka, anaoa binti wa mji, anapanda chombo, basi. Kwa sheria ya Kiyahudi mke asiyepewa talaka na asiye na ushahidi wa kifo cha mumewe hawezi kuolewa tena. Amefungwa. Musa na mahakama yake wakaweka amri: mgeni haoi Misri mpaka alete ushahidi kwamba hana mke kwao, au ale kiapo juu ya Torati. Na mgeni aliyekwisha kuoa, akitaka kusafiri nje ya nchi, haondoki mpaka aandike talaka yenye muda maalum. Muda ukipita hajarudi, mke yuko huru. Hata mke akisema "mwacheni aende, namwamini", hawakukubali.

Mtu aliyepotezewa ndugu na bahari hiyo hiyo ndiye aliyeweka amri hii. Sidhani aliyasahau aliyoyaona nyumbani kwake.

Mama Naima

Hata mke akikubali! Huyo hakimu alijua namna tunavyobembelezwa.

Ust. Khamis

Assalaam alaikum. Mimi nimesoma kidogo kuhusu huyu Ibrahimu bin Musa, naambiwa aliwataka Wayahudi wasujudu na watawadhe kama sisi. Ni kweli au ni maneno ya mitandao?

Karani_wa_Tanga

Wa alaikumu salaam, ustadhi. Ni kweli, na ndiyo sehemu iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Ilianza kwa baba. Katika sinagogi sala kuu, Amida, husomwa kimya na kila mtu, kisha msalishaji huirudia kwa sauti. Musa aliona kwamba wakati wa kurudia watu waliokwisha kusali hugeuka wakapiga soga, wakatema mate, wakapenga makamasi. Na asiyejua kusali akimwona msomi anafanya hivyo naye anafuata. Akasema pia kwamba Waislamu wanatuona, wanadhani kwetu sala ni mchezo. Akaamuru isaliwe mara moja tu, kwa sauti, wote pamoja. Wayahudi wa Misri wakaifuata amri ile kama miaka 300, mpaka Rabi Daudi ibn Zimra alipoirudisha desturi ya zamani katika karne ya 16.

Ibrahimu akaenda mbali zaidi. Kitabu chake kikubwa, kwa Kiarabu, kinaitwa Kifayat al-Abidin, kinachowatosha waja. Humo anataka watu wakae safu kwa safu wakielekea Yerusalemu, wasiegemee ukuta na kutazamana kama barazani. Wanawe mikono na miguu kabla ya sala. Wapige magoti, wasujudu, wainue mikono. Anawasifu masufi wa Kiislamu waziwazi, na anasema njia yao ya kukesha na kunyamaza ni urithi wa manabii wa Israeli, sisi tuliupoteza utumwani, wao wakaushika. Akaambiwa unawaiga Waislamu. Jibu lake kwa ufupi: kitu kilichokuwa chetu hakiachi kuwa chetu kwa sababu jirani anakifanya vizuri.

Wapinzani hawakuishia kunung'unika. Walimshitaki kwa sultani al-Adil kwamba analeta uzushi katika dini na kuwalazimisha watu. Ibrahimu akajibu kwa waraka wenye saini za wafuasi wapatao 200: sijamlazimisha mtu, haya nayafanya katika sinagogi la nyumbani kwangu. Kulikuwa na ugomvi mwingine pia. Sinagogi la Washami pale Fustat lilisoma Torati kwa mzunguko wa miaka mitatu, tofauti na la Wairaki waliomaliza kwa mwaka mmoja, na Ibrahimu, kama baba yake, alitaka wote wawe kitu kimoja. Mwaka 1211 wale Washami wakaandikiana mkataba kwamba hawaachi desturi ya wazee wao.

Ust. Khamis

Jazakallah. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuona haya kusema jirani yake ana jema. Sisi wenyewe tuna kazi hapo. Je, hiyo sijda ilidumu?

Karani_wa_Tanga

Kwa Wayahudi wote, hapana. Ilidumu katika nyumba yake na wafuasi wake kwa vizazi kadhaa. Mwanawe Obadia (1228 hadi 1265) aliandika kitabu kidogo kinachofananisha moyo na birika: usilijaze maji safi kabla hujaondoa tope. Mwanawe mwingine, Daudi, mwenye jina kama la yule aliyezama, akawa Nagid akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Hoja_Nzito atafurahi kujua kwamba naye alipata maadui, wakamsingizia mpaka akahamia Akka kwa muda. Huko akakuta rabi mmoja, Solomon Petit, anafanya kampeni dhidi ya vitabu vya babu yake. Daudi akatafuta wa kumuunga mkono, na wakuu wa Wayahudi wa miji kama Damasko na Mosul wakatoa marufuku dhidi ya huyo mpinzani. Baba yake Ibrahimu alikuwa amepigana vita hivyo hivyo, kwa waraka, baada ya Mwongozo kuchomwa moto kule Ufaransa miaka ya 1230.

Daudi alifariki 1300. Akafuata mwanawe Ibrahimu wa pili, kisha Yoshua, aliyefariki 1355, kisha Daudi wa pili, aliyekaa pia Aleppo na Damasko na kukusanya miswada ya wazee wake. Naye akaandika mwongozo wa njia ya kujitenga na dunia. Baada yake sioni tena Nagid wa nyumba hii.

Mwana_wa_Wanale

Salamu kutoka Mbale, Uganda. Kwetu hapa wako Abayudaya, tangu Semei Kakungulu alipoanza kuushika Uyahudi mwaka 1919. Nina jirani wa jamaa ile, tumesoma pamoja. Wakati fulani wageni humuuliza kwa kejeli: wewe baba yako Ibrahimu yupi? Hii nyumba ya Maimun ilisema nini kuhusu mtu aliyeingia kwa imani bila kuzaliwa humo?

Karani_wa_Tanga

Ndugu wa Mbale, mpelekee jirani yako jibu hili, ni la Musa mwenyewe.

Alikuwako mtu anaitwa Obadia, aliyeingia Uyahudi akitoka dini nyingine. Akauliza: katika sala tunasema "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu", "uliyetutoa Misri". Baba zangu hawakuwamo. Nayaruka maneno hayo?

Musa akamjibu sema yote, huna haja ya kubadilisha hata neno. Ibrahimu ndiye aliyewafundisha watu kumjua Mungu, na kila anayeingia mpaka mwisho wa dunia ni mtoto wa Ibrahimu. Usiidharau nasaba yako: sisi tunajinasibisha na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wewe unajinasibisha na Yule aliyesema na ulimwengu ukawa.

Obadia huyo huyo alikuwa amemwambia mwalimu wake kwamba Waislamu si waabudu sanamu, mwalimu akamfokea na kumwita mpumbavu. Musa akasema Obadia yuko sahihi, Waislamu wanamuungama Mungu mmoja bila doa, na akamkemea vikali yule mwalimu: ameshikwa na dhambi ya kumwaibisha mtu aliyeacha baba yake, nchi yake na watu wake kwa ajili ya Mungu. Amtake radhi, na afunge na kuomba, labda atasamehewa.

Mwana_wa_Wanale

Nimeyaandika kwenye daftari. Kesho Ijumaa nitampelekea kabla ya Sabato haijaingia.

Hoja_Nzito

Nakubali nimesogea. Lakini sasa hivi, leo hii, Myahudi wa kawaida anayaona wapi haya? Isije kuwa ni historia ya karatasi.

Karani_wa_Tanga

Anayaona kila siku bila kutaja jina. Yosef Karo alipoandika Shulkhan Arukh, mwongozo wa sheria uliochapishwa 1565 na unaofuatwa mpaka leo, aliegemea nguzo tatu, yaani wanazuoni watatu waliomtangulia, na Rambam ni mmoja wao. Yemen walimchukua kama mwamuzi wao mkuu, kwa sababu mwaka 1172 walipokuwa katika mateso aliwaandikia barua ya kuwatia nguvu, na inasimuliwa kwamba walilitia jina lake katika Kadishi, sala yao ya kumtukuza Mungu, wakati yuko hai. Wimbo wa Yigdal unaoimbwa katika masinagogi umejengwa juu ya nguzo zake 13 za imani. Na tangu 1984, kwa wito wa Rabi wa Lubavitch, kiongozi wa kundi moja la Wayahudi washika dini kule Brooklyn, Marekani, kuna maelfu ya watu wanaosoma Mishneh Torah kila siku, sura tatu tatu, wakamaliza kwa chini ya mwaka na kuanza upya.

Halafu kuna ngazi zake 8 za sadaka. Ya chini kabisa ni kutoa huku umenuna. Zinapanda: kutoa kabla hujaombwa, kutoa bila kujuana. Ya juu kabisa ni kumshika mkono aliyeteleza kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kumtafutia kazi, asije akahitaji kuomba. Vyama vya mikopo isiyo na riba viko katika jamaa za Kiyahudi nyingi duniani, na ukiwauliza kwa nini, watakutajia ngazi hiyo. Sisi chama chetu cha kuzikana mwaka jana tulianza kutenga fungu dogo la mkopo wa mtaji kwa wajane. Wazo nililipata hapo, na nililisema kikaoni nimelitoa kwa nani.

Nahodha_Shela

Karani, jana usiku nilimsomea baba uzi wote, yeye macho hayaoni herufi ndogo. Pale kwenye barua ya Aydhab akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kimya, kisha akauliza swali lile la Mama Naima: mjane na mtoto walikula wapi, na mali yote imezama?

Karani_wa_Tanga

Mpe mzee salamu zangu, shikamoo yake. Mwambie vito vilikwisha, na mwenye kuvisafirisha hayupo. Musa alikuwa anapinga kabisa msomi kulipwa kwa ajili ya elimu ya dini, aliandika hivyo kwa maneno makali, kwa hiyo fedha ya jamaa hakuigusa kwa nafsi yake. Alipoinuka kitandani alikwenda kuuza alichokuwa nacho, udaktari. Ule msururu wa wagonjwa barazani, na safari ya Kairo kila alfajiri juu ya mnyama, vilianzia hapo. Nyumba ile ilikula jasho la tiba.